Nani Aliitikia Karibu

Maabara yetu ipo juu ya mawe, upande wa Bwiru,
na dirisha lake moja halifungi,
kwa hiyo harufu ya dagaa huingia bila kuvaa koti jeupe.

Mazigo, aliyenifundisha kazi, hupenda kusema
mnyoo wa kichocho ni mpangaji mwenye adabu:
hapigi kelele. Anakaa na mkewe ndani ya mshipa wa utumbo,
amemkumbatia miaka mitano, minane, hamwachi hata usiku.

Nikamuuliza: na damu je? Ina askari wote wale,
hufukuza hata mwiba wa sato uliovunjikia kidoleni.
Wanampitaje kila siku mlangoni wasimwone?

Akanionyesha picha. Ilirudi kutoka ng'ambo,
sisi hatuna darubini ya kuona udogo huo;
tulipeleka vichupa kwenye barafu kavu,
vikakwama uwanja wa ndege siku mbili,
tukasali.
Na hii hapa: ngozi ya mnyoo, na pembeni mwake
viriba. Viriba vya duara, vimefungwa midomo,
maelfu vingeenea juu ya nukta hii.
Ndani, Mazigo alisema, si maji.
Ni maneno mafupi. Herufi ishirini na mbili tu,
zimekatwa kulingana na masikio yetu.

Seli hupokea kiriba, hukifungua,
husoma, na huanza kutii
ikidhani imejiambia yenyewe.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema.
Hawakusema kwamba kinajua kuandika.

*

Mimi ni wa Kayenze. Nimeosha sufuria ziwani
tangu sijaweza kuibeba iliyojaa,
magoti majini, katikati ya mafunjo,
pale konokono wanapoganda kwenye mabua
kama vifungo vya shati.
Saa sita, jua utosini, ndipo huwaachia
wale viluwiluwi wasioonekana, mkia umepasuka kama panda ya manati.
Hupenya ngozi kwa dakika chache. Unajikuna kidogo.
Hodi yenyewe ndiyo ile, mwasho,
lakini nani aliitikia karibu?
Mimi sikumbuki kufungua mdomo.

Shuleni walileta ubao wa kupimia, umepakwa rangi kama ngazi:
ukifika hapa vidonge viwili, ukifika hapa vitatu.
Mwaka ule nilitoroka. Vilikuwa vichungu,
na dada yangu Nyamizi alishatapika
kwenye viatu vya mwalimu mkuu.

Jumanne iliyopita nilisoma slaidi namba 0417.
Mayai yenye mwiba ubavuni. Kumi na moja.
Nikaandika 11, nikapiga mstari,
ndipo nikakumbuka kwamba wiki ile
tulipungukiwa watu wa kujitolea.

*

Nimemeza. Kwanza nilisimama ukutani, Mazigo akanipima
kwa penseli huku akicheka. Vidonge vinne.
Usiku tumbo lilinguruma
kama chumba chenye mashine ya kuzungusha damu.
Nikawaza ile jozi yangu ikiachiana mikono.
Miaka mingapi walisema kwa sauti yangu
tulia, si kitu, rudi ulale?
Mara ngapi nilitulia?

Nyamizi amejifungua. Jumamosi nilimkuta kwenye mkeka,
mtoto amening'inia titini, jicho moja wazi,
na sikumwambia nilichokijua:
kwamba ndani ya maziwa yale kuna viriba pia,
umbo lile lile, midomo imefungwa vile vile,
mama akiutumia utumbo mchanga maneno
ambayo mtoto atayaita mwili wake.

Nilinawa kwa maji ya bomba, nikampokea.
Alinukia maziwa, na dagaa kwa mbali.
Akanishika kidole. Nikasema karibu,
mimi mwenyewe, kwa sauti,
angalau nadhani ni mimi.