Safu ya Mwisho

Simu ya kijiji hailali mfukoni mwa mtu.
Inalala ndani ya sufuria tupu, dirisha la mashariki,
maana Chilundu nzima mtandao unashika hapo tu,
na sufuria ikianza kutetemeka
hata kuku wa jirani wanajua kuna mgonjwa.

Mimi ni Perusi, mwenye daftari.
Sijui kuendesha, sijui kufunga jeraha.
Najua kuuliza matatu:
Nani? Wapi? Anapumua vipi?
Kisha nampigia Yaredi,
na Yaredi hasemi haloo,
nasikia tu mlango wake wa bati.

Guta letu lina magurudumu matatu na godoro moja.
Zamani lilibeba mchanga,
na hata leo ukilipiga kofi linatema vumbi.
Fundi Mheliwa alilichomelea paa la mabomba,
akaandika WAGONJWA kwa rangi iliyobaki kanisani.
Rangi haikutosha. Ile A ya mwisho ni ya chokaa,
kila masika yakipita tunaiandika upya.

Mafuta yake ni alizeti:
kila kaya debe moja wakati wa mavuno.
Asiye na alizeti alete uwele,
asiye na uwele alete mabega
siku guta likizama mchangani.
Mzee Chibago miaka miwili hakuleta kitu,
alisema hajaugua tangu mwaka wa njaa.
Alipoumwa na nyoka machungani
hakuna aliyemtajia debe.
Ni yeye, mguu umevimba kama kinu,
aliyenifokea kutoka godoroni:
"Perusi! Niandikie mawili!"

Kiangazi si kazi. Vumbi, na mbuzi barabarani.
Ila korongo likishuka halibishi hodi.
Kwetu kukavu, mbingu nyeupe,
na maji yanakuja, mvua ya watu wengine
walionyeshewa huko vilimani.
Guta linasimama ukingoni.
Wanaume sita, machela mabegani,
wa mbele anapapasa kwa fimbo,
na ng'ambo tochi ya Ndahani inawaka, inazima:
nipo,
nipo,
amelala pale na pikipiki yake ya tela tangu saa tatu.
Kuna mtoto alizaliwa katikati ya maji, juu ya mabega.
Nikauliza, niandike amezaliwa wapi?
Wabebaji wakasema, korongoni.
Baba yake akakataa katakata.
Mpaka leo pale pana mstari mtupu.

Saa ya kuitwa. Jina. Kilometa. Lita.
Na safu ya mwisho: Kurudi.
Hiyo naijaza asubuhi, nikishapata habari.

Tuna sheria moja tuliyoipigia kura mkutanoni:
guta halibebi maiti.
Si roho mbaya.
Nani atapona kwenye godoro lililolaza mfu,
naye amefumba macho kwa hofu tangu kwake?

Damari Malogo alikufa Mvumi, saa kumi alfajiri.
Gari la kukodi walitaka laki moja na nusu.
Mwanawe alikuwa na elfu nane, na kanga ya mama yake.
Yaredi alikaa nje ya wodi kitambo,
akainuka, akamwambia nesi:
"Nimekuja kumchukua mgonjwa wangu."
Akamfunika hadi kidevuni. Uso akauacha.
Na njia nzima akamsemesha:
mama, hapa pana shimo, jishikilie;
mama, ile mizabibu wameshaipogoa;
mama, sasa tunavuka, maji ni ya kifundo tu.
Mwanawe, nyuma, akawa anamwitikia:
ee.
Ee.

Niliwapokea uwanjani jua likichomoza.
Yaredi hakunitazama.
Akasema, lita tatu na nusu.
Nikaandika lita.
Nikaandika kilometa.
Kwenye safu ya mwisho kalamu ilisimama
hata wino ukaacha doa,
ndipo nikaandika: Amerudi.

Godoro tulilisugua kwa majivu,
tukalianika juu ya tembe.
Lilikuwa bado bichi
sufuria ilipolia.