Bilauri Kumi na Mbili

Wiesława ameuza kabati la ukutani,
lile lililomeza nusu ya sebule
tangu mwaka ule Zenon alipolipangia foleni
siku tatu, kwa zamu na shemeji yake.
Vijana wawili wamelishusha ghorofa nne,
wakizitukana ngazi za Łódź chini chini, kwa adabu.

Ndani mlikuwa na bilauri za kuchongwa,
kumi na mbili, za wageni.
Wageni gani? Walikuja, wakanywea vikombe,
wakaenda zao; wengine wakafa
bila kujua walivyoheshimiwa.

Kumi na moja amezigawa.
Moja ameibakiza, si ya ukumbusho:
ya maji, ya dawa ya usiku,
ya tawi lenye maua aliloliiba uani kwa jirani.

Leo sakafu imeonekana. Kuna alama nne
pale miguu ya kabati iliposimama miaka arobaini,
mbao bado changa, rangi ya mkate.
Anazikanyaga na soksi zake, moja moja,
kama mtu anayejaribu viatu dukani.

Binti anapiga simu kutoka Gdynia:
"Mama, nyumba haijawa tupu mno?"
"Mwangwi umerudi, mwanangu.
Nikikohoa, nyumba inaniitikia."

Kisha anakohoa tena, makusudi.