Mishono Nje

Sare yako naigeuza, Kageha,
mishono nje, lebo nje,
ulaini ubaki upande wako.
Kangemi wanasema babake hajui kumvisha mtoto.
Waseme.

Jumapili ni siku ya maji ya chumvi.
Bandeji hazivutwi, husubiriwa
zilowe, ziachie zenyewe,
nawe unahesabu misumari ya mabati
kitambaa kikiwa kati ya meno.
Sindano nimeichemsha.
Lengelenge nalitoboa pembeni,
maji yatoke, ngozi yake ilale palepale
iwe kifuniko.
Ndivyo alivyonionyesha Sista Mueni wa kliniki ya ngozi,
akaongeza: usimnyanyue kwa makwapa,
pitisha viganja chini yake
kama unayebandua chapati mbichi ubaoni.

Wengine hurithi ploti Kitengela.
Wewe, nusu kwangu, nusu kwa mamako,
sisi wazima,
tulikupa tusichojua tunacho.
Jirani aliuliza ni nani alikumwagia uji.
Sikumjibu. Wala sikumwambia
kwamba shashi ya mwezi imeipita kodi ya nyumba,
na kwamba dawa ya kuling'oa jambo hili
bado sijaiona kwenye rafu yoyote,
ila mafuta, na subira, na mikono miwili.

Leo umeninyang'anya sindano.
"Hili la kidole gumba ni langu,"
ukalenga, ulimi nje,
na mkono wangu ukabaki hewani bila kazi.

Tone likatoka. Ukalipangusa.
Kisha ukauliza kama kesho
kuna mtihani wa hesabu.