Njia ya Mwaka Huu

Mwezi wa nne, maji yakipwa alfajiri,
Tjitske Wiersma hutoka peke yake, kabla ya wageni,
buti hadi magotini, fimbo ndefu begani,
kwenda kuitafuta njia.

Si kwamba aliipoteza.
Njia yenyewe ndiyo iliyohama.

Huku Friesland, kaskazini kabisa mwa Uholanzi,
bahari hujiondokea mara mbili kwa siku
ikaacha tope, tope, tope,
linalong'aa kama mgongo wa kambare,
na mtu anaweza kwenda kwa miguu hadi kisiwani
akijua pa kukanyaga.
Na pa kukanyaga hapatulii:
mkondo uliokuwa wa goti mwaka jana
sasa unameza fimbo nzima,
na pale alipozama farasi wa jirani
pamekuwa pagumu kama sakafu ya shule.

Baba yake alikuwa na ramani.
Aliichora kwa penseli, akaipaka nta isilowe,
akaitundika jikoni juu ya birika.
Miaka kumi na mmoja ilimvusha salama.
Mwaka wa kumi na mbili ilimfikisha majini kifuani,
bamvua la Oktoba, wageni sita nyuma yake,
mmoja akiimba ili asilie.
Walirudi wote. Ramani haikurudi ukutani.
"Karatasi haina kosa," alisema mzee, akikamua soksi.
"Kosa ni langu, niliyeisoma kama sala."

Tjitske hakuitaka kazi ya tope.
Alitaka kazi yenye paa.
Akaipata kwenye kiwanda cha jibini,
miaka ishirini na sita akigeuza magurudumu ya manjano,
mazito, mapole,
akijua kwa kidole tu lipi limeiva.
Kisha ikaja mashine yenye jicho.
Meneja Jelmer, kijana mwenye adabu zake,
akamweleza kwa kahawa na keki
kwamba kidole hakihitajiki tena.
Keki ilikuwa tamu. Hilo ndilo lililomuudhi.

Baridi nzima alikaa dirishani na paka.
Aliyezoea kugeuza, sasa kageuzwa.
Maziwa huganda; siku hazigandi.

Nani alimtoa ndani? Sijui.
Yeye husema ni bili ya gesi.

Mimi nilimfuata mwezi wa sita, wa nne katika mstari,
ofisi yangu ikiwa imefungwa wiki ile,
funguo za mlango usio wangu bado mfukoni.
Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kufarijiwa,
alijifunzaje kuyapenda mabadiliko.

"Nani kakwambia nayapenda?
Kila mwaka nayatukana kwa Kifrisia, lugha nzuri kwa matusi.
Kisha naingia."

Tukaenda. Tope likanyonya.
"Usisimame kufikiri!" akapaza sauti bila kugeuka.
"Watu wa mjini wanasema kumbatia, kumbatia.
Tope halikumbatiwi.
Ukisimama, ndilo litakalokukumbatia wewe."

Nikainua mguu. Nikainua wa pili.
Kila mahali alipopapima aliacha kijiti cha mti,
na vijiti vya juzi, vilivyokuwa vinadanganya tayari,
alivichomoa akavifunga mgongoni.
Hakuvitupa. Vitatumika mbele.

Katikati, ambapo nchi kavu ni uzi nyuma na uzi mbele,
mtoto Auke, miaka tisa, pua mbichi,
akauliza kama kesho nao watapita hapa hapa.

Tjitske akauchoma mkondo kwa fimbo,
akatazama maji yanapandaje kwenye mti wake.
"Kesho," akasema, "hapa hapatakuwa hapa."

Auke alilitafakari hilo kwa muda mrefu mno.
Buti lake la kushoto likabaki chini.
Akacheka, akaendelea na soksi,
na sisi sote, hata yule mwenye funguo,
tukaharakisha kumfuata, maana maji yalikwisha kugeuka.