Sekunde Kumi

Chumba cha juu, Sunderland. Hita inagongagonga
kama mgeni asiye na haraka.
Diski nimeigawa kama mirathi:
mafungu manne kwa Pengwini, mkubwa,
fungu moja kwa Dirisha,
aliyeletwa kwa ajili ya mchezo tu.

Nikiwasha, skrini huwa nyeusi kwanza.
Majina mawili yanajipanga
na sekunde kumi zinahesabiwa kurudi nyuma.
Nisipochagua, zamu ni ya Pengwini.
Yeye ndiye wa ripoti za maabara,
wa barua za viza, wa hesabu ya kodi.
Mpole. Hanisalimii ili aniuzie kitu.
Ila mchezo umemkataa.
Mchezo una bawabu, anapekua kila anayeingia,
na Pengwini akifika anaambiwa: wewe sikujui,
hata uje na barua ya mjumbe.

Basi ikabidi ukewenza.
Nyumba moja, majiko mawili, kisima kimoja.
Wenyewe hawasemeshani.
Usiku mmoja Dirisha, katika kujisasisha,
alilifuta jina la mwenzake mlangoni
nikakesha na flashi ya kuazima
nikilirudisha, chai imepoa, alfajiri imeingia.

Jumamosi ni ya Dirisha.
Jumamosi Abdulkheri, mdogo wangu, yuko Singida,
kwenye duka la simu la rafiki yake likishafungwa,
bando la usiku mkononi.
Tunashindana magari kwenye theluji.
Yeye hajawahi kuigusa
na kona zote ananipita,
mimi ninayeikwangua kwenye kioo kila asubuhi
kwa kadi ya benki iliyokwisha muda.

Mwisho wa Machi Waingereza wakasogeza saa mbele.
Kumbe wale wawili hawakuwahi kukubaliana.
Pengwini huiandika saa ya mashine kwa kipimo cha Greenwich,
Dirisha huisoma kama saa ya ukutani hapa.
Kipupwe chote walipatana kwa bahati,
kwa kuwa hapa na Greenwich palikuwa mamoja.
Sasa kukazaliwa saa nzima katikati yao
isiyo na mwenyewe.

Tuliahidiana saa sita usiku ya Singida,
saa nne ya huku.
Nikamwasha Dirisha. Pembeni kaandika tisa na dakika mbili.
Tisa kutoa sita, tatu, nikahesabu kama nilivyozoea.
Saa tatu. Bado mapema.
Simu iko chini, kwenye chaji.
Nikafua sare, nikakaanga yai, nikalila nimesimama.

Niliporudi,
gari lake la bluu lilikuwa kwenye mstari wa kuanzia,
taa zinawaka, theluji inaanguka juu ya boneti,
ndani hamna mtu.
Ujumbe mitatu.
*Dada upo?*
*Umeme unachezacheza huku.*
*Haya, lala salama.*

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja.
Nilimwandikia Pengwini: fuata saa ya mwenzako.
Akatii. Lakini aliniachia onyo refu, la adabu,
kwamba jambo hili halipendezi
na siku moja litaleta matatizo,
kama mke mkubwa anayepisha njia
huku akihakikisha umesikia.

Sasa saa zimepatana, hata dakika.
Abdulkheri naye amepata kazi, ya ubawabu,
kwenye ghala la alizeti, zamu ya usiku.
Anapekua watu mlangoni, anasema, na kucheka.
Labda Jumatano, dada.
Jumatano nina maabara mpaka jioni.

Leo Jumamosi. Skrini nyeusi.
Kumi. Tisa.
Sina mtu wa kushindana naye kule
na ripoti bado haijaisha.
Nane. Saba.
Nasogeza mshale chini, kwa Dirisha,
nikaone kama lile gari
bado linawaka taa.