Wageni Wasizidi Sita

Pwani ya Ureno. Nimechuja kwa bei, nikachuja kwa vyumba,
nikachuja kwa hatua toka kizingitini hadi majini,
zikabaki nyumba arobaini na moja,
zote nyeupe kama meno ya bandia,
zote na mto wa kochi uliotariziwa nanga
na bakuli la makombe bafuni
ambayo hakuna aliyeyaokota.

Mama yu mezani anamenya viazi.
Hapa Clermont-Ferrand ni mvua tangu Jumatatu,
magoti yake yaliijua kabla ya redio.
Miaka thelathini na minne amedeki ngazi za watu,
baba akipika mpira kwenye kiwanda cha matairi,
na kila Agosti tulikwenda kwa shangazi, bara, kwenye vumbi,
tukalala sebuleni juu ya magodoro ya kuazima.
Mwaka huu nina mshahara. Nikasema: Mama, chagua.

"Hiyo ngazi zake kali." "Hiyo iko juu ya baa."
"Hiyo bahari wameipigia picha darini;
ukisimama kama watu utaona ukuta wa jirani."
Nyumba njema si mlango, nikamtania.
"Basi fungua," akasema, "tuone ndani."

Ya ishirini na tatu. Picha ya tisa.
Kisu kikasimama kiazini.

Jiko. Ukuta wa mawe uliopakwa chokaa,
na ukutani pete ya chuma, imetundikwa taulo la mistari.
Maelezo: pete ya kale, pambo la asili.
"Hapo," akasema Mama, "tulikuwa tukimfunga nguruwe."

Sikuelewa. Akafuta mikono kwenye aproni,
akaweka kidole juu ya kioo, kikaacha alama ya wanga.
Hapa baba yake, Adérito, alivulia buti.
Hapa, palipoandikwa pembe ya kusomea,
walilala watoto saba, kichwa kwa mguu, mguu kwa kichwa,
na Graça, kitinda mimba, akikojoa katikati.
Wageni wasizidi sita, linasema tangazo.
"Tulikuwa tisa," akasema. "Na nguruwe."

Tafadhali msikaange samaki ndani.
Hapo alicheka mpaka akakohoa.

Tukashuka kwenye hesabu.
Siku nne, Septemba, bei ya watu wasio na haraka.
Amana. Kodi ya mji. Ada ya usafi, yuro tisini.
Ndipo alipokasirika.
Si kwa nyumba kuuzwa kwa thamani ya pikipiki
mwaka babu alipofariki na wajomba wakagawana bahasha.
Kwa yuro tisini.
"Mimi? Nimlipe mtu adeki sakafu ile?
Sakafu ile naijua kwa magoti."

Akaniamuru nimwandikie mwenyewe, bwana mmoja Detlef:
muulize, maji bado yanapita chini ya mlango wa nyuma
upepo ukitoka kusini-magharibi?
Jibu likaja kabla chai haijapoa.
Ndiyo, kidogo, huwa tunaweka taulo.
Ajabu! Mmewahi kufikia kwetu?

Kwetu.
Mama alilitazama neno hilo
kama mtu aliyeliona koti lake
likishuka basi na mabega mengine.

"Mwandikie ndiyo," akasema. "Miaka kumi na tisa."
Nikaandika ndiyo. Miaka sikuiandika.

Idadi ya wageni: wawili.
Sababu ya safari: nikaruka.
Kadi ikazunguka, ikazunguka, ikakubali.
Kama mkighairi kabla ya tarehe ishirini, walisema,
mtarudishiwa vyote.
"Vyote," akarudia Mama, akiokota kisu.

Akamenya kiazi kizima bila kukata ganda,
likaning'inia refu mpaka kwenye sahani.
Kisha, bila kunitazama:
"Na sardini nitakaanga.
Dirisha la jikoni linakwama; ukilisukuma kwa bega hufunguka."