Kufukuza Maji

Mama aliniuliza mara moja tu,
pale Hombolo, akipepeta uwele:
"Na huko chuoni unafanya kazi gani hasa?"
Nikasema, nafukuza maji.
Ungo ukasimama. "Ugogoni hapa?
Watu wanafukua mchanga wa korongo, wanateka kwa kata,
wewe unafukuza?"

Ningemwelezaje
kwamba ipo metali, ikishikana na kaboni
haistahimili tone wala pumzi ya hewa,
rangi ya chungwa huoza mbele ya macho
kama ahadi ya mdaiwa?

Nilianza na mrututu. Baba alinyunyizia zabibu
kwa bomba la mgongoni; nikaiba kijiko kimoja.
Miaka baadaye, maabara, nikadondosha amonia:
samawati ile ikazama, ikawa buluu nzito
kama anga la Chimwaga kabla ya alfajiri.
Shaba ilikuwa imeachia maji,
imeshika mikono ya wageni wanne.
Nikasema, basi, hapa ndipo nitazeeka.

Nimezeeka.
Mtungi wa naitrojeni tunausubiri wiki tatu.
Gramu moja ya paladi, bei ya mtamba.
Umeme ukikatika saa nane usiku, pampu hunyamaza,
na Lameki Chilongani, fundi wetu, hunipigia:
"Dokta, imekufa."
Hasemi nini. Hakuna haja.
Daftari kumi na nne, na neno nililoandika zaidi ni tope.
Tope la kahawia. Tope jeusi.
Tope tena.

Julai moja, wanafunzi wako likizo,
nilikuta kichupa nilichokisahau nyuma ya mizani.
Ndani, fuwele kumi na moja,
njano ya kiini cha yai la kanga.
Sikumwita mtu. Niliketi sakafuni,
nikazihesabu upya.

Picha yake ilirudi Januari, kutoka ng'ambo.
Makala wameisoma watu saba, nadhani,
wawili kati yao ni mimi.

Nikampelekea Mama mchoro:
metali katikati, mikono minne, mmoja umepinda.
Akausogeza karibu na jicho lililobaki.
"Huyu wa katikati ana wageni wengi.
Wanakula nini?"

Nilikuwa bado nacheka bati lilipoanza kulia.
Akanisukumia ndoo kwa mguu.
Nikatoka mbio, daktari wa kufukuza maji,
nikakinga.